Mwanya Kati ya Picha Mbili

Katika ukurasa wa kitabu cha katuni kuna sehemu moja ambayo kalamu ya mchoraji haikuigusa. Ni ule ukanda mweupe, mwembamba, unaopita kati ya kisanduku kimoja cha picha na kingine. Upande wa huku mwanamke ameshika barua ambayo bado haijafunguliwa. Upande wa pili kiti chake ki kitupu, mlango u wazi, pazia linapepea. Barua hatukuisoma. Uso wake alipokuwa akiisoma hatukuuona, wala hatukujua kama aliondoka mbio au akijikokota. Yote hayo yametokea ndani ya ule weupe, na aliyeyatenda ni msomaji: yeye ndiye aliyeifungua barua, yeye ndiye aliyeusukuma mlango. Mwaka 1993 mchoraji wa Kimarekani, Scott McCloud, alitoa kitabu kizima cha kuieleza sanaa ya katuni kwa katuni zenyewe, Understanding Comics, na humo aliupa ukanda huu mahali pa heshima. Hapo, alifundisha, ndipo picha mbili zilizosimama zinapogeuka kuwa kitendo, kwa kuwa akili ya binadamu ikiona pengo hulijaza. Bibi zetu walilijua hilo bila kalamu. Msimulizi hodari wa ngano hulifikisha zimwi mlangoni, kisha akanyamaza, akachochea moto, akavuta khanga mabegani. Na katika kimya hicho kila mtoto aliyeketi pale hulichora zimwi lake mwenyewe, la kutisha kuliko lolote ambalo maneno yangelileta. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Siku hizi katuni nyingi ninazosoma hunifikia kwa simu, kwa ada ya mwezi, na kila ninapozisoma najikuta nautafuta ule ukanda. Nataka kujua umekwenda wapi.

Kwanza nitoe haki kwa neema iliyotufikia, kwa sababu ni neema kweli. Novemba 2007 kampuni ya Marvel ilifungua maktaba yake ya kulipia kwa mwezi, ile ambayo leo inaitwa Marvel Unlimited, na sasa humo mna zaidi ya matoleo 30,000. Kwa takriban dola 10 msomaji anaweza kulifungua toleo la kwanza la Fantastic Four la mwaka 1961, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby, akashuka nalo miaka yote hadi yaliyotoka juzijuzi. Comixology nayo ilianzisha Mei 2016 huduma ya namna hiyo kwa dola 5.99, ikikusanya kazi za wachapishaji mbalimbali. Mtoto aliyekulia mbali na miji ambako vitabu hivi huchapwa hakuwa na njia ya kuufikia utajiri huu. Yeye alipata toleo moja, jalada limenyofoka, limepita mikono ya mabaharia, wanafunzi na wauza vitabu vya mitumba. Toleo la katikati ya kisa, lisilo na mwanzo wala mwisho. Alilisoma hadi likalainika. Kisha, kwa kuwa hakuwa na jingine, alibuni mwenyewe yaliyotangulia na yatakayofuata. Nawafahamu watu ambao ufundi wao wa kuandika ulianzia hapo, katika toleo moja yatima. Hata hivyo siwezi kumwambia mtoto wa leo kwamba uhaba ni bora kuliko wingi. Mwenye kiu haambiwi mazuri ya ukame.

Hiyohiyo Comixology, iliyoanzishwa New York mwaka uleule wa 2007, ndiyo iliyotatua taabu ya udogo wa kioo cha simu. Ukurasa uliochorwa ushikwe kwa mikono miwili ungesomekaje kwenye kioo kinachoenea kiganjani? Jibu lao waliliita Guided View. Ukigusa kioo, kisanduku cha kwanza kinakuja na kukijaza chote. Ukigusa tena, picha inateleza hadi kisanduku cha pili. Ni ufundi wa kusifiwa, na mwenye macho dhaifu anausifu kuliko mimi. Lakini tazama kilichopotea njiani. Ukanda mweupe haupo tena, na mahali pake pana mtelezo. Jicho lililozoea kuutazama ukurasa mzima kwa pamoja, kisha kushuka, kusita, kurudi juu, kuiba kwa pembeni kile kinachokuja chini, sasa limeshikwa mkono na kuongozwa. Chukua sura ya tano ya Watchmen, kazi ya Alan Moore na Dave Gibbons iliyotoka kati ya 1986 na 1987. Gibbons aliugawa ukurasa kwa visanduku tisa, vitatu kwa vitatu, na sura hiyo aliipanga pande mbili zinazojibizana: mpangilio wa ukurasa wa kwanza unarudi katika wa mwisho, wa pili katika ule unaoutangulia wa mwisho, na hivyo hivyo hadi katikati, ambapo kurasa mbili zinatazamana ana kwa ana. Kitabu kikiwa wazi mapajani, mpangilio huo unakujia kabla hujasoma neno lolote. Kwa kugusa kisanduku baada ya kisanduku, utaipata hadithi yote, na umbo lake usilione hata mara moja.

Sisemi kwamba kioo hakina weupe wake. Wakorea wametuonyesha kinao. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000, kampuni za Korea Kusini kama Daum na Naver zilianza kuchapisha hadithi zilizochorwa kwa ajili ya mtandao tangu mwanzo, zile zinazojulikana duniani kwa jina la webtoon. Wachoraji hao waliuacha ukurasa, wakachora kwa kushuka, kidole kikivuta picha juu na nyingine ikitokea chini. Na humo weupe ukarefuka. Kati ya mkono unaogonga mlango na mlango unaofunguka mchoraji anaweza kuacha utupu mrefu, msomaji akashuka, akashuka, roho mkononi, asijue mlango uko umbali gani. Mwanya umekuwa muda, na muda huo unapimwa kwa kidole cha msomaji mwenyewe. Hapo simu imefanya kazi iliyo yake. Kinachonihuzunisha ni kuona ukurasa uliochorwa kwa ajili ya karatasi ukikatwakatwa ili uingie mahali ambapo haukuandaliwa.

Lakini kuna ukanda mweupe mwingine, mpana zaidi, nao haumo ndani ya ukurasa. Ni ule unaotenganisha toleo na toleo. Hergé alipoanza kumchora Tintin Januari 1929, katika kijarida cha watoto kilichotolewa pamoja na gazeti moja la Brussels, kisa kilitoka kidogo kidogo kila Alhamisi. Shujaa aliachwa akining'inia, na juma zima likapita. Juma hilo lilikuwa sehemu ya kisa. Watoto walibishana shuleni, wakatabiri, wakamwokoa kwa njia ambazo Hergé mwenyewe hakuziwazia. Waliowangoja Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge katika kurasa za jarida la Sani kule Tanzania hawahitaji kuelezwa jambo hili. Wanakumbuka namna toleo moja lilivyokaa vinywani mwa mtaa mzima hadi jingine lilipofika. Subira huvuta heri, na hapa heri haikuwa toleo lijalo peke yake. Ilikuwa yale yaliyosemwa wakati wa kulingoja.

Maktaba ya ada ya mwezi imeufunga mwanya huo kwa upande mmoja na kuufanyia biashara kwa upande mwingine. Msomaji wa leo anaweza kumaliza kwa usiku mmoja kisa kilichowachukua wachoraji miaka kumi kukijenga. Anafika mwisho macho mekundu, na asubuhi hakuna wa kumsimulia, maana hakuna mwingine aliyesimama mahali alipo. Wakati huohuo kampuni ya Kakao ya Korea Kusini iligundua, mwaka 2014, kwamba kungoja kwenyewe kunaweza kutiwa bei: soma sura hii, vumilia siku moja, inayofuata utaipata bure, ukishindwa kuvumilia, lipa. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na kila mara linanichoma. Katika Alhamisi za Tintin, mtoto wa tajiri na mtoto wa mfua nguo walikomea kwenye kisanduku kilekile. Hakuna aliyeweza kununua Alhamisi ijayo. Kungoja kulikuwa shamba la wote, na humo urafiki ulimea. Leo mwenye fedha anapita, asiye nazo anabaki nyuma na saa yake ya kuhesabu, na mazungumzo yaliyokuwa yakiwaunganisha yamekatika bila mtu yeyote kukusudia.

Mwanya wa tatu uko kati ya mkono na mkono. Kukodi katuni si jambo jipya. Japani baada ya vita ilikuwa na maduka mengi ya kuazimisha vitabu kwa malipo madogo, yaliyoitwa kashihon, ambako vijana wa viwandani na watoto wasioweza kununua walichukua katuni, wakasoma, wakarudisha. Shigeru Mizuki, ambaye baadaye alipendwa na taifa zima kwa hadithi zake za mizuka, alichorea maduka hayo; Yoshihiro Tatsumi naye alianzia huko. Biashara hiyo ilififia majarida ya kila wiki yalipoenea kuanzia mwaka 1959. Tofauti ya kukodi kule na kukodi huku ni kwamba kitabu cha kashihon kilirudi kikiwa na alama za wasomaji: doa la chai, ukurasa uliokunjwa pembe, jasho la kidole pale ambapo kila mtu alisita. Ulipokichukua ulijua hukuwa wa kwanza. Kwetu jarida la katuni halikuwa na mwenye nalo mmoja hata kama alilinunua mmoja. Lilitoka kwa kinyozi likaenda kwa fundi cherehani, likapanda basi, likashukia kijijini kwa mtu ambaye hakuwahi kulilipia hata senti, na huko likamfundisha kusoma mdogo wake. Kizuri kula na nduguyo. Akaunti ya simu inamtambua mtu mmoja na neno lake la siri. Siwezi kumkabidhi kaka yangu toleo lililonigusa. Ninaweza tu kumpa jina lake na kumtakia heri ya kupata fedha na kadi ya kulipia.

Na kadi pekee haitoshi. Desemba 2018 kampuni ya Viz ilipofungua maktaba ya jarida la Kijapani la Shonen Jump kwa dola 1.99 kwa mwezi, sura 100 kwa siku, bei ambayo mwanafunzi angeimudu, nchi zilizoruhusiwa zilitajwa kwa majina. Bara zima la Afrika lilikuwa na moja tu, Afrika Kusini. Mwezi uliofuata Shueisha yenyewe, wenye jarida hilo Japani, walifungua Manga Plus kwa karibu dunia yote, sura tatu za mwanzo na tatu za karibuni bure. Nawashukuru kwa hilo. Ila mwanya uliobaki wakati ule kati ya sura ya tatu na sura za karibuni uliweza kuwa wa miaka ishirini ya hadithi, na huo haukuweza kujazwa kwa kubuni.

Kuna jioni ninayokumbuka, niliposhika toleo la zamani lililochapwa kwenye karatasi ya gazeti. Lilikuwa limegeuka rangi ya majani makavu na kingo zake zilimeguka nilipolifungua. Karatasi ya aina hiyo ina asidi ndani yake. Inajila yenyewe polepole, hata kabatini. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba hii inaoza. Na katuni ziliuawa pia kwa mikono ya watu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili watoto wa Marekani walikusanya karatasi chakavu kwa ajili ya nchi yao, na katuni nyingi za miaka ile zikaenda kusagwa. Mwaka 1948, katika miji kama Spencer na Binghamton, wanafunzi waliongozwa na wakubwa wao kuzirundika na kuzichoma hadharani, kwa hofu kwamba zinaharibu maadili. Hata hivyo hazikwisha. Action Comics namba 1 ya mwaka 1938, iliyouzwa senti 10 ikiwa na Superman kwa mara ya kwanza, bado ipo. Nakala moja ilinunuliwa mnadani mwaka 2024 kwa dola milioni 6. Iliokoka kwa sababu ilitawanyika. Iliyosagwa Ohio haikuidhuru iliyosahauliwa chini ya kitanda Nebraska. Mwanya kati ya nyumba na nyumba, kati ya sanduku na sanduku, ndio uliouzuia moto usivuke.

Maktaba ya kioo haina mwanya huo. Kitu kiko mahali pamoja, na mlango wake una komeo moja. Mwaka 2011 wachapishaji wengi wa Japani waliungana nyuma ya duka la mtandaoni lililoitwa JManga, na wasomaji wa nje wakanunua katuni humo wakidhani ni zao. Tarehe 30 Mei 2013 mlango ulifungwa, na waliyoyanunua yakafungiwa ndani. Comixology ilinunuliwa na Amazon mwaka 2014. Tarehe 4 Desemba 2023 programu yake iliondolewa na vitabu vya watu vikahamishiwa Kindle. Hawakuvipoteza, na hilo nalisema kwa uadilifu, lakini nyumba waliyoizoea, yenye rafu walizozipanga kwa miaka, haikuwepo tena, wala hakuna aliyewauliza. Hao walikuwa wanunuzi. Anayelipa kwa mwezi amekubali tangu siku ya kwanza kwamba ada ikikatika, hata ukurasa mmoja haubaki. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Baba aliyesoma matoleo elfu kumi kwa miaka ishirini hatamwachia mwanawe hata moja, na mwana hatakuta siku moja, akipanga vitu vya marehemu, kitabu chenye jina la baba limeandikwa kwa penseli ukurasa wa kwanza, tarehe, na mji.

Nalifikiria hili zaidi kwa ajili yetu kuliko kwa ajili ya Marvel, ambao hazina yao ina walinzi wa kutosha. Matoleo ya kale ya Sani yamo majumbani mwa watu, mengine yameliwa na mchwa, mengine yamefungiwa vitumbua. Philip Ndunguru, mmoja wa waliolipa jarida hilo sura yake, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, na mstari wa kalamu yake unafifia pamoja na karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo nataka maktaba ya kioo ya katuni za Kiswahili, naitaka kwa moyo wote, na nataka ijengwe na watu walioona makosa ya wengine. Iwakodishe kwa mwezi wale wanaotaka kupita tu. Lakini anayependa toleo aweze kulinunua likawa lake, faili lisilo na kufuli, jambo ambalo Image Comics ya Marekani ilianza kulifanya mwaka 2013 bila kufilisika. Aweze kuliazimisha kwa rafiki, likatoka kwake kwa wiki moja na kurudi. Ukurasa uonekane mzima kwanza, kisha ndipo visanduku vifuate kwa anayevihitaji. Kisa kipya kitoke siku moja kwa wote, na pasiwe na dirisha la pembeni la kununua kesho. Nakala zihifadhiwe pia kwenye maktaba za vyuo, Dar es Salaam, Nairobi, Zanzibar, pasitegemewe komeo moja.

Na kuna waliochora. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili wa Cleveland, waliuza haki ya Superman mwaka 1938 kwa dola 130, na ilichukua hadi 1975, wakiwa wazee, ndipo walipokubaliwa pensheni na majina yao kurudishwa juu ya kazi yao. Sisi tunaanza karibu upya. Hatuna sababu ya kungoja karibu miaka arobaini. Katika maktaba hiyo ninayoitaka, mchoraji alipwe kila toleo lake linaposomwa, aonyeshwe hesabu yenyewe, na mirathi yake iandikwe tangu siku ya mkataba. Wachoraji wa Sani walio hai watafutwe sasa, waulizwe nani alichora ukurasa upi, maana matoleo mengine hayasemi, na wanaojua wanazeeka.